Kiu Haikai Kooni

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri uani kwenye madrasa ya mtaa wetu hapa Tanga, katika kikao cha kujiandaa na Ramadhani. Waliokosa wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka, pamoja na maswali ya mwisho. Picha za ukutani nimeziacha, hata pale pale hazikuonekana vizuri kwa jua.

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona, hamjambo?

Mnaiona glasi hii mezani. Nimeijaza maji ya mtungi, nayo imeanza kutoka jasho kwa nje. Naomba mtu asiiguse mpaka nimalize. Najua jua la leo. Najua wengine mmekuja kwa miguu kutoka Chumbageni. Ndiyo maana nimeiweka hapo.

Haya, niulize. Kiu iko wapi? Nionyesheni kwa kidole.

Vidole karibu vyote vimekwenda kooni. Bi mkubwa wa mstari wa pili ameonyesha ulimi. Yule mtoto pale ameshika tumbo. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha kichwa. Na mzee wangu hapa mbele, yeye hakunyanyua mkono kabisa, anasema hana kiu tangu asubuhi. Mzee, nitarudi kwako.

Nimekuwa muuguzi na mkunga miaka mingi, kisha nikafundisha wauguzi, na swali hili nimewauliza wanafunzi kila mwaka. Kila mwaka vidole huenda kooni. Koo hukauka, ndiyo, lakini koo halijui chochote. Anayejua ni ubongo, na ubongo wenyewe haujui mpaka uletewe habari. Leo nataka nizungumze juu ya habari hizo: nani anazileta, na mwili hufanyaje zikifika.

Tuanze na mbuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na mtaalamu wa Uswidi, Bengt Andersson. Alichukua mbuzi ambao hawana shida yoyote ya maji, akawapitishia kijibomba chembamba mpaka chini ya ubongo, sehemu inayoitwa haipothalamasi. Humo akaingiza maji ya chumvi kali, kidogo kuliko tone moja. Mbuzi yule aliyekuwa amesimama ametulia akageuka, akatia mdomo kwenye maji, akanywa. Akanywa, akanywa, kama aliyetoka jangwani. Koo lake lilikuwa limekauka? Hapana. Alikuwa ametembea juani? Hapana. Ni chumvi kidogo tu, lakini imewekwa mahali penyewe.

Mama zangu, nyinyi mnalijua jambo hili jikoni. Ukikata vitunguu na matango ya kachumbari ukayanyunyizia chumvi, ukiyaacha kidogo yanafanyaje? Yanatoa maji, yananywea. Chumvi iliyo nje huvuta maji yaliyo ndani. Basi ndani ya haipothalamasi kuna seli zinazofanya vivyo hivyo. Damu ikizidi uchumvi kwa asilimia 1 au 2 tu, maji hutoka kwenye seli hizo, zinanywea, na kule kunywea ndiko kunakopiga kelele. Asilimia 1 au 2! Ukitia chumvi kwenye mchuzi ikazidi kwa kiasi hicho, hakuna mkwe atakayekugombeza, kwa sababu hakuna ulimi utakaoigundua. Ubongo unaigundua.

Mtaniuliza: si ubongo umezungushiwa ukuta, si kila kilicho kwenye damu kinaruhusiwa kuingia? Ni kweli. Lakini mbele ya haipothalamasi kuna vidirisha viwili vidogo ambavyo havina ukuta huo. Majina yake ni marefu, nitawapumzisha. Shikeni hivyo vidirisha viwili, kwa sababu habari nyingi nitakazozitaja leo zinapita hapo.

Habari ya uchumvi ikifika, ubongo hutoa amri mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kiu, hiyo mnaijua. Ya pili ni homoni inayoitwa vasopresini. Hutengenezwa huko huko haipothalamasi, ikateremshwa kwenye tezi ya pituitari, kitu kama punje ya njegere, kisha ikaachiwa kwenye damu mpaka kwenye figo. Figo zikiipata huacha kumwaga maji. Ndiyo maana siku ya saumu, ikifika saa kumi jioni, mkojo una rangi ya chai ya rangi. Figo zako zinafanya kazi nzuri kuliko wakati mwingine wowote.

Zina mwisho wake lakini. Wavuvi wetu hapa hawahitaji kufundishwa hili. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, na figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Ukinywa bahari, utatumia maji ya mwili wako kuitoa.

Sasa nawapeleka wodini.

Nilikuwa mkunga kijana, zamu ya usiku, sitaitaja hospitali. Mama mmoja alijifungua salama, mtoto wa kiume, tukafurahi. Baada ya muda akaniita. Hakulia maumivu, hakusema anatokwa na damu. Alisema, "Sista, nipe maji." Nikamwambia, subiri mama, namalizia hapa. Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Sista, maji." Mimi huyo, natafuta kikombe. Mkuu wetu wa zamu alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Aliposikia yale maneno mara ya pili, aliliweka beseni chini kwa kishindo, akafunua shuka. Damu ilikuwa imejaa godoro. Tumbo la uzazi lilikuwa halijajikaza. Tukalikanda, tukamchoma sindano, tukafungua dripu mbili, na alhamdulillahi yule mama alipona, kijana wake sasa ana watoto.

Asubuhi mkuu wa zamu aliniita pembeni, akaniambia: "Aliyetoka kujifungua akililia maji vile, usitafute kikombe. Funua shuka, kisha tafuta mshipa."

Nilijifunza kwanza, sababu nikaijua baadaye. Hebu fikirini. Mtu akitokwa na damu, maji yametoka na chumvi imetoka, vyote pamoja. Damu iliyobaki uchumvi wake ni ule ule. Zile seli zinazonywea kama matango hazina cha kulalamikia. Basi kiu ile ya mama yule ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye figo. Figo zikiona damu inayozifikia imepungua nguvu, zinamwaga kitu kinachoitwa renini. Renini inakwenda kukata protini moja inayotengenezwa na ini, kipande kinachopatikana kinapita mapafuni, kinakatwa tena, na hapo inazaliwa homoni inayoitwa angiotensini. Figo, ini, mapafu: hospitali ina idara chache zinazoshirikiana namna hiyo. Angiotensini inabana mishipa presha isianguke. Lakini pia inapanda mpaka kwenye vile vidirisha viwili, na kazi yake huko ni moja: inasema, maji! Mwaka 1970 watafiti watatu, Epstein, Fitzsimons na Rolls, waliiweka kidogo sana kwenye ubongo wa panya waliokuwa wameshakunywa wakatosheka. Panya wakarudi kwenye maji, wakanywa kana kwamba hawajayaona siku nzima.

Kwa hiyo kuna kiu ya damu iliyozidi chumvi, na kuna kiu ya damu iliyopungua. Mdomoni zinafanana, ukiziweka kwenye mizani huwezi kuzitenganisha. Lakini mlango zinaopitia kuingia si mmoja.

Na hiyo kiu ya pili haitibiki kwa maji peke yake. Kwa nini? Kwa sababu aliyepoteza damu, au aliyeharisha, au aliyelima tangu alfajiri mpaka shati limeota ukoko mweupe mgongoni, hakupoteza maji tu. Amepoteza chumvi. Ukimpa maji matupu, maji mengi, damu itazimuka kama uji uliozidishiwa maji, na ubongo ukiona imezimuka utaufunga mdomo kabla ile iliyopotea haijarudi. Panya waliopimwa hufanya hivi hivi: wakipoteza maji na chumvi, kwanza hunywa maji, kisha huyaacha, halafu baada ya saa kadhaa ndipo huanza kutafuta chumvi. Ule ni uchu mwingine kabisa. Kiu ya maji huja mara moja. Uchu wa chumvi huja kwa kuchelewa, kama mgeni aliyesafiri kwa meli wakati mwenzake amepanda ndege.

Nani anauleta? Juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama barakashia. Wataalamu wanaziita adrenali. Zinatoa homoni inayoitwa aldosteroni, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kuiambia figo: hii chumvi usiitupe. Lakini haiishii hapo. Inakwenda pia kwenye ubongo, nyuma huku, karibu na shingo, ambako watafiti wamekuta kwa panya kikundi kidogo cha neva zinazoisikia. Zikipata aldosteroni peke yake, uchu ni mdogo. Ikija angiotensini peke yake, uchu ni mdogo. Zikija zote mbili, mnyama atalamba chumvi ambayo siku nyingine angeitema.

Wafugaji mko hapa? Mbuzi wako akilamba ukuta wa choo, usimpige. Majani yana chumvi kidogo mno, na mkojo uliokaukia ukutani unayo. Simba humkuti akihangaika hivyo, kwa sababu nyama anayokula ina chumvi yake. Ni walao majani wenye dhiki hii. Nendeni Mlima Elgon, upande wa Kenya, kuna pango linaitwa Kitum. Tembo huingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wanakwenda mpaka ndani ya mlima. Kufanya nini? Kuchimba ukuta kwa pembe, kuvunja vipande vya mwamba wenye chumvi na kuvitafuna. Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, na watoto wake nyuma, anajikwaa gizani kwa ajili ya kitu ambacho sisi tunakinunua dukani kwa bei ya peremende.

Sasa naomba utulivu, maana hadithi hii huwa inanikaba kidogo.

Katika mji wa Baltimore, Marekani, mwanasayansi Curt Richter aliwatoa panya zile tezi za juu ya figo. Panya wa namna hiyo hufa baada ya siku chache, chumvi yao yote inatoka na mkojo. Lakini Richter aliwawekea chupa mbili, moja ya maji ya kawaida, moja ya maji ya chumvi. Panya wakaichagua chupa ya chumvi, wakanywa kwa wingi, wakaishi. Hakuna aliyewafundisha. Hiyo ilikuwa miaka ya 1930.

Kisha mwaka 1940 Richter na daktari Wilkins waliandika habari za mtoto. Mvulana wa miaka mitatu na nusu. Wazazi walieleza kwamba tangu alipokuwa na umri wa kama mwaka mmoja alikuwa akilamba chumvi iliyo juu ya biskuti na kuiacha biskuti yenyewe. Chakula kisicho na chumvi hakitaki. Neno "chumvi" lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya kwanza. Mama zangu, watoto wenu walianza na neno gani? Baba, mama, maziwa. Huyu alianza na chumvi. Alikuwa akiila kwa kijiko, wenziwe wanavyokula sukari. Akapelekwa hospitali kwa sababu nyingine ya ukuaji wake. Akalazwa, akapewa chakula cha kawaida cha wodini, kama wagonjwa wote. Baada ya siku saba akafariki. Mwili ulipochunguzwa, zile tezi za juu ya figo zilikutwa na hitilafu.

Mtoto yule alikuwa akijitibu mwenyewe, kwa mkono wake, kwa zaidi ya miaka miwili. Hakuwa mtukutu. Kila alipolilia kile kikopo cha kabatini alikuwa akisema kitu cha kweli kuhusu mwili wake, na waliomsikia ni wazazi wake tu, nao hawakujua wamesikia nini.

Kwa hiyo nawaomba. Mtu mzima akikonda bila sababu, akawa hana nguvu, akizunguzwa kila akisimama, ngozi yake inazidi kuwa nyeusi hata kwenye ufizi na mistari ya viganja, na akawa anaila chumvi kavu, msimcheke wala msimpeleke kwa mganga. Ugonjwa huo aliueleza Thomas Addison wa London mwaka 1855, na moja ya sababu zake kubwa ni kifua kikuu kinachoziharibu tezi hizo. Unatibika kwa vidonge.

Lakini naona mjomba pale anatabasamu. Mjomba wa presha. Najua unachotaka kwenda kumwambia shangazi leo: "Mwalimu kasema mwili ukiomba chumvi upewe." Sikusema! Embe bichi la chumvi na pilipili, karanga, ng'onda, mihogo ya kukaanga, hivyo hatuviombi kwa sababu tuna upungufu. Tunaviomba kwa mazoea. Kwa binadamu uchu wa kweli wa upungufu si mkali kama wa panya au tembo. Mwaka 1936 daktari McCance wa London aliwatoa chumvi mwilini watu waliojitolea, kwa kuwatoa jasho na kuwapa chakula kisicho na chumvi kwa siku kadhaa. Walichoka, misuli ikawakaza, chakula kikapoteza ladha. Dalili zilikuwapo, ila si kila mmoja alijua kwamba anachokikosa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Mjomba, ng'onda mmoja anakaribia kukumalizia hesabu.

Hata moyo wako uko upande wa shangazi. Mwaka 1981 huko Kanada, Adolfo de Bold alisaga nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, akachuja, akawachoma panya wengine. Wakakojoa maji na chumvi kwa wingi. Moyo nao ni tezi! Damu ikijaa ukatanuka, unatoa homoni yake inayoiambia figo itoe na inayoushusha ubongo hamu ya maji na ya chumvi.

Haya, turudi kwenye glasi.

Ukifuturu, ukanywa glasi hii, kiu inakwisha baada ya muda gani? Dakika moja, sivyo? Unashusha pumzi, unasema alhamdulillahi. Lakini maji yaliyo tumboni yanahitaji dakika kumi na zaidi kufika kwenye damu na kuibadilisha. Damu yako bado ina uchumvi ule ule wa saa kumi. Nani amemwambia ubongo anyamaze?

Mdomo na koo ndivyo vilivyomwambia. Hapo ndipo koo linapopata heshima yake, na nyinyi mliolionyesha kwa kidole nawapa nusu ya alama. Mwaka 2016 watafiti wa San Francisco walizisikiliza neva za kiu za panya akiwa anakunywa. Zilianza kutulia mara tu aliporamba maji, muda mrefu kabla damu haijabadilika. Ubongo unapokea ahadi ya mdomo na kuikubali kwa mkopo, halafu tumbo na damu zinakuja kulipa. Bila mkopo huo tungekunywa tu hadi maji yafike kwenye damu, na tumbo lingepasuka.

Kwa hiyo ile tabia ya kunywa jagi zima mwisho wa daku, huku muadhini anakohoa tayari, haina faida. Damu inazimuka kwa ghafla, vasopresini inakatwa, na kabla ya saa nne asubuhi jagi lote umeshaliacha chooni. Kunyweni kidogo kidogo tangu futari mpaka daku. Na ng'onda muwaache walale daku.

Mzee wangu, sasa wewe. Huna kiu tangu asubuhi, ukadhani ni nguvu. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford waliwanyima maji kwa saa 24 wazee saba wenye afya, wa miaka 67 hadi 75, na vijana saba. Damu za wazee zilikuwa na uchumvi zaidi kuliko za vijana. Wakaulizwa, mna kiu? Wazee wakasema kidogo tu. Wakapewa maji wanywe watakavyo, wakanywa kidogo. Umri unaififisha ile sauti. Mnaoishi na wazee, msiwaulize "una kiu?" Wawekeeni maji mkononi.

Maswali machache tuliyopata kabla ya magharibi ni haya.

Kijana mmoja wa mpira aliuliza kama ni kweli mchezaji anywe maji kabla hajasikia kiu, na anywe mengi kadiri awezavyo. Nikamwambia hapana. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, na asilimia 13 chumvi ya damu ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, hasa wale waliokunywa kupita kiasi. Kwa kijana mzima, kiu ni kipimo kizuri.

Binti wa kidato cha pili akauliza: kwa nini maji ya mtungi yanakata kiu kuliko ya bomba, na maji ni yale yale? Nilifurahi, maana nilisahau kulisema. Wale wa San Francisco walimpa panya mwenye kiu kipande cha chuma cha baridi akirambe. Chuma kitupu, hakina hata tone. Neva za kiu zikapoa. Ubaridi wenyewe mdomoni ni sehemu ya ile ahadi.

"Kwa hiyo mtungi unatudanganya?" akauliza.

Nikamwambia ampelekee mzee ile glasi ya mezani kwanza, halafu amuulize yeye. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akasema tena kwamba hana kiu, akanywa yote, akaomba nyingine.